Hati Ndefu, Hati Fupi: Safari ya Kiingereza cha Ardhi Hadi Kinondo

Kinondo, kusini mwa ufuo wa Diani, kila shamba lililosajiliwa lina majina mawili. La kwanza ni la nyumbani: kwa fulani, penye mbuyu, kisimani, pale alipofyeka babu. La pili liko katika masjala ya ardhi mjini Kwale: Kwale, alama ya mkwaju, Galu Kinondo, alama ya mkwaju tena, kisha nambari. Ukilitaja jina hilo la pili, karani hukufungulia rejista, na katika ukurasa mmoja utaona ukubwa wa shamba, jina la mwenyewe, na kama kuna benki inayolidai. Mwenye kuuza naye hujaza fomu ambayo kiini chake ni sentensi moja ya Kiingereza: mimi fulani, kwa kupokea kiasi hiki cha fedha, namhamishia fulani ardhi yenye nambari hii. Kisha sahihi na mashahidi, basi.

Miaka mia mbili iliyopita, Mwingereza aliyeuza shamba la ukubwa huo huo kwao angehitaji ngozi ya kondoo iliyotengenezwa kwa kuandikia, pengine kadhaa, zilizojazwa maandishi kutoka juu hadi chini. Katika hati hiyo hakuwa ameuza tu. Alikuwa ametoa, amepatana, ameuza, amehamisha, ameachilia na kuthibitisha. Wala hakuwa ameuza shamba tu, bali shamba pamoja na nyumba, mabanda, ua, njia, mifereji, maji, miti, vichaka, haki, manufaa na vyote vinavyohusiana navyo kwa namna yoyote ile. Mnunuzi alipewa vyote hivyo avimiliki na kuvishika, yeye na warithi wake, milele.

Namna hati ile ilivyopunguzwa hadi ikatosha kwenye fomu ya Kwale ni hadithi ndefu. Inaanzia kwenye vita, inapita mahakama za London na forodha ya Adelaide, na inafika Kinondo, mahali ambapo Kiingereza kifupi kimewarahisishia watu mambo na pia kimewapokonya.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na kuitwaa Uingereza. Kwa karne kadhaa zilizofuata nchi ile iliishi kwa lugha tatu. Wakulima walisema Kiingereza, mabwana wapya walisema Kifaransa, na makasisi na makarani waliandika Kilatini. Lugha hizo zilikutana mahakamani, na mwandishi aliyeogopa kutoeleweka alichukua neno huku na neno kule akayafunga pamoja. Ndiyo maana hadi leo wasia wa Kiingereza huitwa “will and testament”, neno la kwanza la wenyeji na la pili la wageni, ingawa karatasi ni moja na maana ni moja. Ndiyo maana pia mtu anayefaa kushika cheo huelezwa kuwa “fit and proper”.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamalizi habari. “To have and to hold” ni maneno ya Kiingereza asilia yote mawili. “Null and void” yote mawili yalikuja kwa njia ya Kifaransa. Hapo hapakuwa na mtu aliyekuwa akitafsiriwa. Waingereza walipenda tu mlio wa jozi, hasa enzi ambazo mapatano yalitamkwa mbele ya watu kabla ya kuandikwa, maana kauli yenye mizani hukaa kichwani. Kwa hiyo jozi moja ilizaliwa kwa hofu ya kutoeleweka, nyingine kwa utamu wa masikio, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka ipi ni ipi.

Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward wa Tatu, ilipitishwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu wengi hawakukijua Kifaransa kilichotumiwa mahakamani. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Rekodi za mahakama ziliendelea kuwekwa kwa Kilatini, ukiondoa miaka michache ya katikati ya karne ya 17, hadi sheria nyingine ilipoanza kutumika mwaka 1733. Kufikia hapo mtu angetarajia jozi za maneno zife zenyewe, kwa kuwa lugha iliyobaki ilikuwa moja. Hazikufa, kwa sababu zilikuwa zimepata mlezi mwingine, nalo ni malipo.

Waandishi wa hati na mawakili wa Uingereza walilipwa kwa urefu. Kadiri kurasa zilivyokuwa nyingi, ndivyo ada ilivyopanda. Pembeni paliachwa nafasi pana, mistari ikaachana, na neno moja likaandamana na ndugu zake watatu. Mteja hakuwa na la kusema, kwani hakujua ni neno lipi kati ya yale manne ndilo lililokuwa likimlinda.

Mwaka 1596 mambo yalizidi. Katika kesi ya Mylward dhidi ya Weldon, iliyokuwa mbele ya mahakama ya Chansari, upande mmoja ulileta jibu la kurasa 120. Hakimu alilipitia akaona kwamba yote yaliyokuwamo yangeenea katika kurasa 16. Aliulizia nani ameliandika, akaambiwa ni Richard Mylward, mtoto wa mdai. Amri aliyoitoa ni miongoni mwa amri za ajabu katika historia ya uandishi. Mlinzi wa gereza la Fleet alitakiwa ampeleke Richard kwenye ukumbi wa Westminster siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, akate tundu katikati ya lile rundo la kurasa, ampitishe kichwa kwenye tundu hilo, na amwache nalo likining'inia mabegani, upande wenye maandishi ukiwa nje. Kisha amtembeze kichwa wazi kuuzunguka ukumbi wakati mahakama zikiendelea na kazi, amwoneshe mbele ya kila mojawapo ya mahakama tatu zilizokuwamo, na amrudishe gerezani hadi alipe faini ya pauni kumi kwa Malkia, na fidia kwa mdaiwa aliyesumbuliwa kulisoma.

Ukumbi mzima ulimwona, lakini malipo ya kurasa hayakubadilika, kwa hiyo uandishi nao haukubadilika. Ilichukua karibu miaka mia tatu mingine. Mwaka 1881 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili zilizofanya kazi pamoja. Moja ilifungua njia ya kuwalipa mawakili wa ardhi kwa kufuata thamani ya mali badala ya idadi ya maneno. Ya pili, iliyohusu uhamishaji wa ardhi, ilitamka kwamba ukihamisha ardhi umehamisha pia njia, maji, miti, majengo na haki zake, hata kama hati haikuvitaja. Ile orodha ndefu ya “pamoja na” haikuwa na haja tena ya kunakiliwa katika kila hati.

Hapa pana jambo ambalo wanaosifu ufupi hulipita haraka. Maneno yale hayakutupwa, yalihamishwa. Yalitolewa kwenye hati ya kila mtu yakawekwa mahali pamoja, ndani ya sheria. Hati ikawa fupi kwa kuwa sheria iliubeba mzigo wake. Wakili alijua mzigo uko wapi, lakini mwenye shamba aliiona hati tu.

Huku nyuma, upande wa pili wa dunia, kazi hiyo hiyo ilikuwa imeanza kwa njia nyingine. Robert Torrens, mzaliwa wa Cork nchini Ireland, alikuwa amehamia Adelaide, Australia Kusini, akasimamia ushuru wa forodha. Bandarini aliona jinsi meli zinavyouzwa: jina la meli liko katika daftari, jina la mwenyewe liko kando yake, na likibadilishwa jina daftarini, meli imeshauzwa. Kwa nini ardhi isiuzwe hivyo? Mwaka 1858, licha ya upinzani mkali wa mawakili, koloni lile lilipitisha sheria yake. Kuanzia hapo, aliyetaka kujua shamba ni la nani hakuchambua tena hati za vizazi vitano, bali alitazama daftari. Mtindo huo ukasambaa katika makoloni ya Waingereza.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na hati zake wakati huo. Mtu aliyenunua shamba Mombasa au Vanga chini ya Sultani wa Zanzibar alikwenda kwa kadhi, akaandikiwa kwa Kiarabu karatasi yenye majina ya watu, bei, mipaka minne na mashahidi. Mipaka ilitajwa kwa majirani: upande wa kibla shamba la fulani, upande wa bahari pwani yenyewe. Ilikuwa karatasi fupi, na kila aliyetajwa humo aliweza kuitwa akaulizwa.

Wadigo wengi wa Kinondo hawakuwa hata na hiyo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na kwa desturi ya zamani ilifuata upande wa mama, mjomba akimwachia mpwa, kabla ya mirathi ya Kiislamu kuingia na kuweka watoto mbele. Desturi hizo mbili ziliishi pamoja kwa kuvutana, na wazee ndio waliotatua. Mti nao ulikuwa na mambo yake. Mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyoubeba ikawa ya mwingine. Mwenye mnazi aliuweka rehani, akaukomboa, akaurithisha, na mwenye ardhi hakuguswa.

Tarehe 14 Desemba 1895 Waingereza walitia sahihi mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini, wakapewa kuusimamia ukanda wa pwani wa maili kumi, Kinondo ikiwamo. Pamoja na utawala wao ikaja sheria ya Kiingereza iliyopitia Bombay, kwani sheria nyingi za India zilitumiwa huku, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 1882 iliyohusu uhamishaji wa mali. Wakili wa Mombasa aliandika hati kwa Kiingereza cha London kilichokuwa kimezoea jua la India, na jozi zote zikaja nazo.

Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani. Ilimtaka kila mwenye shamba, au mwenye dai la namna yoyote juu ya ardhi, ajitokeze na kulithibitisha mbele ya msajili. Ardhi ambayo hakuna aliyefaulu kuidai ikawa ya serikali. Kwa mwenye hati ya kadhi, sheria hiyo ilikuwa na mlango. Kwa ukoo wa Kidigo ambao ushahidi wake ulikuwa wazee, makaburi na minazi, mlango ulikuwa mwembamba mno. Maneno “dai la namna yoyote” yalisikika mapana, lakini yaliandikwa kwa lugha ambayo wenye madai hawakuisoma, na yalidai namna ya ushahidi ambayo hawakuwa nayo. Sentensi ya Kiingereza inaweza kujaa maneno ya kujumuisha watu wote na bado isimfikie yeyote.

Sheria iliyozaa yale majina mafupi ya Kwale ilikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1950, vita vya Mau Mau vikiendelea, serikali ya kikoloni iliharakisha kupima na kusajili mashamba ya Waafrika, hasa Mkoa wa Kati. Maofisa waliona kwamba haiwezekani kuwapa mamia ya maelfu ya wakulima hati ambazo wakili tu ndiye anayezisoma. Mmoja wa waliousukuma mtindo mpya alikuwa Rowton Simpson, mshauri wa ardhi wa Wizara ya Makoloni, aliyejifunza kazi ya masjala nchini Sudan. Matunda yake yalikuwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, iliyoanza kutumika Septemba 1963. Oktoba mwaka huo Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya, na Desemba bendera ikapandishwa.

Kwa Kiingereza cha kisheria cha wakati ule, sheria ya 1963 ilikuwa kazi safi. Ilisema mwenye shamba ni nani na ana haki gani, kwa sentensi ambazo mtu aliyemaliza shule angeweza kuzifuata. Iliambatanisha fomu: ya kuhamisha, ya kukodisha, ya kuweka rehani, kila moja karibu na ukurasa mmoja. Mwaka huo huo wa 1963, huko Marekani, mwanasheria David Mellinkoff alichapisha kitabu kikubwa, The Language of the Law, akionesha kwa ushahidi wa karne nyingi kwamba sehemu kubwa ya maneno ya mawakili haikuongeza usahihi wowote. Kenya haikuwa imemsubiri.

Kabla yake, watumishi wa serikali ya Uingereza walikuwa wameshapata mwalimu wao. Ernest Gowers, ofisa mstaafu, aliombwa na Hazina ya nchi hiyo awaandikie maofisa mwongozo wa kuandika barua zinazoeleweka. Kijitabu chake, Plain Words, kilitoka mwaka 1948 na kupanuliwa mwaka 1954. Ugonjwa alioutibu ulikuwa umevuka mahakama ukaingia ofisini, nao una sura tatu ambazo mwandishi yeyote wa Kiingereza atazitambua. Ya kwanza ni jozi ya maneno yenye maana moja, kama “each and every”. Ya pili ni sifa ambayo tayari imo ndani ya jina: “past history”, kana kwamba kuna historia ya kesho, “free gift”, kana kwamba kuna zawadi ya kulipia. Ya tatu ni kiungo kilichovimba, “due to the fact that” mahali ambapo “because” lingetosha, au “at this point in time” mahali pa “now”.

Anayetaka kuona ugonjwa huo unavyomgharimu mtu wa kawaida na atazame aina ya barua inayopelekwa kwenye ofisi za umma kila siku. Tuseme jina la marehemu mama limekosewa kwenye rejista, na mtoto anataka lisahihishwe. Kwa Kiingereza alichofundishwa kwamba ndicho cha heshima, anaandika: “I hereby wish to humbly and kindly request your esteemed office to make the necessary correction and rectification of my late mother's name which was wrongly and erroneously entered.” Karani anasoma mstari wote na bado hajui shamba ni lipi, jina lililoandikwa ni lipi, wala lililo sahihi ni lipi. Anamrudisha mtu nyumbani. Sasa ondoa jozi na unyenyekevu uliozidi, uone nafasi iliyopatikana: “Please correct the owner's name on Kwale/Galu Kinondo”, kisha nambari, “from Mwanasha to Mwanaisha”, kisha nakala ya kitambulisho au cheti cha kifo. Barua ya pili ni fupi na ina mambo mengi zaidi. Mara nyingi wingi wa maneno huficha upungufu wa habari, hata kwa mwandishi mwenyewe: amejaza mstari, akadhani amesema.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya ushindi mtupu. Lakini sheria ile ya 1963 ilikuwa na vipande viwili vifupi ambavyo uzito wao ulijulikana baadaye.

Kipande cha kwanza kilikuwa katika maana ya neno ardhi. Sheria ilisema kwamba ardhi ni pamoja na vitu vyote vinavyoota juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo. Kwa mwanasheria wa London hilo ni jambo la kawaida, ile orodha ya zamani ya “pamoja na” iliyohamia sheriani. Kwa mtu wa pwani ya kusini, maneno hayo machache yaliupokonya mnazi kutoka kwa mwenye mnazi na kumpa mwenye nambari. Ukiifanyia rejista upekuzi, ambao Wakenya wengi huuita sachi, huoni mnazi wala aliyeupanda.

Kipande cha pili kilihusu udanganyifu. Sheria iliiruhusu mahakama kurekebisha rejista pale jina lilipoingizwa kwa hila au kwa makosa, isipokuwa usajili huo ukiwa ni wa kwanza. Ubaguzi huo, kwa Kiingereza, ulikuwa na maneno matano ndani ya mabano. Sababu yake ilieleweka: serikali haikutaka kazi yote ya upimaji irudiwe na kila aliyekasirika. Lakini usajili wa kwanza ndio ulioamua kila kitu. Kaka mkubwa aliyeandikwa peke yake kwa niaba ya ndugu zake, mwenye cheo aliyejiandikisha kwenye ardhi ya ukoo, wote walikuwa wasajiliwa wa kwanza. Katika uamuzi wa mwaka 1972 Mahakama Kuu ilisema kwamba mtu akishasajiliwa, haki za kimila za wengine ambazo hazimo katika rejista zimekwisha. Mwaka uliofuata ilimkubalia baba awaondoe wanawe kwenye shamba kwa hoja hiyo hiyo. Baadhi ya majaji walikataa kwenda njia hiyo, wakasema aliyesajiliwa anaweza kuwa ameishika ardhi kwa amana ya jamaa yake. Mabishano yaliendelea zaidi ya miaka arubaini.

Mwandishi wa Kiingereza anayepunguza maneno ana la kujifunza hapo. Ukifuta “testament” baada ya “will”, hakuna mtu aliyepoteza kitu, kwa sababu neno lililobaki limebeba yote. Ukifuta watu waliokaa shambani bila kuandikwa, hakuna neno jingine linalowabeba. Vitendo vyote viwili hufupisha karatasi na vyote viwili huonekana nadhifu, na ndiyo maana ni rahisi kuvichanganya.

Wakati mawakili wakibishana, ufuo wa kusini ulibadilika. Barabara na hoteli zilipandisha bei ya kila kiwanja cha Diani na Galu, na hatimiliki zikatolewa hata mahali ambapo wenyeji hawakudhani panaweza kuuzwa. Katika kisiwa cha Chale, kusini kidogo mwa Kinondo, hoteli ilijengwa miaka ya 1990 kwenye ardhi ambayo kwa Wadigo ni kaya, yaani msitu mtakatifu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini kote, na ripoti yake ya mwaka 2004 ilionesha jinsi karatasi halali kwa sura zilivyotumiwa kuchukua ardhi isivyo halali.

Kaya Kinondo yenyewe, msitu wa hekta 30 hivi unaokaribiana na bahari, iliokolewa kwa maandishi. Mwaka 1992 ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali kuwa mnara wa kitaifa, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, Wadigo wakiwa miongoni mwao. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia, miongoni mwa misitu kumi ya kaya iliyotawanyika katika ukanda wa kilomita 200 hivi. Sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, inayoilinda sasa, inaeleza kwamba mnara unaweza kuwa mahali penye maana ya kihistoria, kitamaduni, kisayansi, kiusanifu, kiteknolojia au ya aina nyingine kwa binadamu. Mhariri mwenye haraka angeiona orodha hiyo akatoa kalamu nyekundu. Angekosea. Neno “kitamaduni” si pacha wa “kiusanifu”. Kaya haina ukuta wala nakshi, na kama orodha ingebaki na majengo tu, msitu ungebaki nje.

Ndani ya kaya sheria ni za mdomo. Mgeni huambiwa avue kofia, ajifunge kaniki, asichume jani, asiokote kitu akaondoka nacho, na wapendanao wasibusiane humo. Kila katazo husemwa mara moja na kila moja linakataza jambo lake. Hakuna jozi, na hakuna aliyewahi kuhitaji wakili kuelewa.

Katiba ya mwaka 2010 ilitamka kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Miaka miwili baadaye Sheria ya Usajili wa Ardhi ilifuta sheria tano za zamani kwa mpigo: ile ya India ya 1882, ile ya pwani iliyoanzia 1908, ile ya 1963, na nyingine mbili. Fomu fupi zilibaki, nambari zilibaki, na Kwale/Galu Kinondo ikabaki. Kilichobadilika ni yale yaliyokuwa yameachwa. Sasa hatimiliki inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njama ya ufisadi, na hakuna kinga kwa usajili wa kwanza. Maneno hayo matatu yanakaribiana, lakini hayarudii. Mtu anaweza kufuata kila hatua ya utaratibu kwa njama ya ufisadi, na mwingine akaruka hatua bila kutoa hongo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, ilikataa hoja kwamba mnunuzi anaokolewa na hatimiliki aliyonayo mkononi, ikasema lazima chimbuko la hati hiyo nalo liwe halali.

Sheria hiyo ya 2012 pia iliorodhesha haki zinazomfunga mwenye shamba hata kama hazikuandikwa katika rejista. Miongoni mwake ni amana, na hapo mwandishi wa sheria akaongeza maneno matatu ya Kiingereza, “including customary trusts”, yaani zikiwamo amana za kimila. Mtaalamu wa kufupisha angesema kwamba amana za kimila ni amana, kwa hiyo nyongeza ni ya bure. Angekuwa na haki kama historia ya miaka arubaini isingekuwapo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilimaliza mabishano ya zamani kwa kukubali kwamba amana za kimila zinamfunga aliyesajiliwa, kila kesi ikipimwa kwa ushahidi wake. Ndugu ambaye jina lake halimo katika rejista akapata mahali pa kusimama.

Safari kutoka ngozi ya kondoo hadi fomu ya Kwale imeacha kipimo kinachomfaa mwandishi yeyote wa Kiingereza, awe wakili, karani au mwanafunzi. Neno linalorudia lililokwisha semwa na liondoke, hata likiwa na heshima ya miaka elfu. Neno linalomtaja mtu ambaye hakuna neno jingine linalomtaja na libaki, hata likiirefusha hati kwa mstari mzima.